Mkoba wa Uchaguzi Nyuma ya Mlango

Kwetu, uchaguzi ukikaribia, mama yangu hafui nguo zote siku moja. Anafua nusu, nusu nyingine anaiacha, kwa sababu mtu hawezi kukimbia na nguo mbichi kichwani. Halafu anatoa mkoba. Ni ule mkubwa wa plastiki wenye mistari, ambao wachuuzi hubebea mitumba, na unapangwa kwa utaratibu ambao hakuna anayeruhusiwa kuubadilisha: nguo za watoto kwanza, kadi zao za kliniki, unga kiasi, chumvi, kiberiti, dawa za mgonjwa kama yupo, vitambulisho, na juu kabisa viatu. Viatu anavikagua mwenyewe. Anakunja soli, anavuta kamba, anaingiza mkono ndani kutafuta misumari. Mkoba ukishajaa unakaa nyuma ya mlango mpaka matokeo yatangazwe, na yakishatangazwa unakaa tena, maana ni hapo hasa ambapo shida kwetu huanza.

Mwaka ule wa vurugu tulikimbia bila mkoba wowote. Nilikuwa msichana mkubwa, nimembeba mdogo wangu mgongoni, na ndara yangu moja ilikatika tulipoingia shamba lililokwisha kuvunwa. Mabua ya mahindi yakikatwa kwa panga yanabaki na ncha kali ardhini. Kisigino changu cha kushoto kina alama mpaka leo, na baridi ikija kinaniuma. Ndipo mama alipoanza mambo ya mkoba. Watu wa mjini wakisikia wanatucheka. Wacheke, wao hawajakanyaga mabua.

Nilikwenda Saudia katika ile miaka ambayo maajenti walizunguka mitaani na hata makanisani wakitafuta wasichana wa kazi za nyumbani. Nilifikia Jeddah, kwa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kuingia nchini, bwana mwenye shughuli za mizigo bandarini. Sitamsingizia mtu: pale hawakunipiga. Lakini nililala chumba cha kufulia, kati ya mashine na ndoo, simu yangu ilifungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni mwa mke wake, ambaye kila mtu alimwita madam mkubwa. Mji wenyewe niliuona kupitia dirisha la gari. Tukipita mtaa wa Sharafiya nilisoma vibao vya maduka ya simu, nikawaona Waafrika wenzangu wamesimama nje ya mikahawa wakila na kucheka, nikawaonea wivu.

Aliyenitoa pale alikuwa Mreno. Alifanya kazi bandarini pamoja na kafili, kisha kampuni yake ikamhamishia Riyadh, ofisi zao zikiwa mtaa wa Al-Murabba, na mke wake akaja kutoka kwao na mtoto mchanga. Walihitaji msaidizi. Kafili akaniazimisha kwao kama mtu anavyoazimisha ngazi. Ikama yangu, yaani kibali cha kukaa nchini, ilibaki kwa jina la kafili, kwa hiyo mwenye ngazi hakubadilika.

Riyadh nilipewa chumba chenye dirisha. Simu ililala chini ya mto wangu. Ijumaa nilipumzika. Niliwaita bosi na madam, ingawa madam huyu alinizidi miaka michache tu na alinikataza kumwita hivyo. Sikuacha, mtu akizoea mtoto wa watu na akizoea kula mezani na wenye nyumba, anahitaji neno moja la kumkumbusha yuko wapi. Madam alikuwa mwalimu kwao kabla walimu hawajapunguzwa. Kabinti kao kalijifunza kutembea kwenye zulia la sebuleni, kakianzia magotini pangu kwenda kwa mama yake, na kila mara kalifika, kakageuka, kakarudi kwangu.

Hofu yangu ilikuwa moja. Wakirudi kwao, ngazi inarudishwa Jeddah.

Mwaka wa 2015 nchi yao ikawa na uchaguzi wa bunge, na nyumba yetu ikagawanyika. Madam alinifafanulia siku moja jikoni kwa vitu vilivyokuwa kwenye kapu. Machungwa mawili aliyafunga pamoja kwenye mfuko: hivyo ndivyo vyama viwili vilivyokuwa vikitawala, vimeungana kutafuta kura pamoja. Nyanya kubwa ilikuwa chama kikuu cha upinzani. Pilipili hoho ilikuwa chama kidogo cha mrengo wa kushoto, na kitunguu chekundu kilikuwa wakomunisti. Bosi aliingia, akatazama meza, akachukua mfuko wa machungwa, akaubusu. Alisema hawa walikaza mkanda nchi ikaokoka. Madam akamjibu kwamba mkanda ulikazwa shingoni mwake, ndiyo maana mwalimu wa historia anaishi Riyadh akisubiri mume arudi kazini. Walisema haya wakitabasamu, lakini mimi niliosha vyombo taratibu ili nisikose neno.

Kisha wakawekeana ahadi mbele yangu. Machungwa yakibaki madarakani, wanaendelea kukaa Riyadh. Yakitoka, serikali mpya itaajiri walimu, nao watafungasha warudi. Nusu ilikuwa mzaha. Mimi sikuwa na uwezo wa kuuchukua kama mzaha, na tangu siku ile nikawa mfuasi wa machungwa kuliko bosi mwenyewe. Niliwaombea ushindi watu ambao sikuwahi kuwaona, waliomfukuza kazi mwanamke niliyempenda, na niliomba kwa magoti.

Kura walipigia jikoni. Hilo nalo lilinishangaza. Hakukuwa na foleni ya alfajiri wala wino kidoleni. Karatasi zilikuja kwa posta. Mume alikaa upande huu wa meza, mke upande ule, kila mmoja amejikinga kwa mkono kama wanafunzi wa mtihani, wakatia alama, wakafunga karatasi kwenye bahasha ya kijani, na ile ya kijani ndani ya nyeupe. Nilisimama kando ya jiko nikingoja wagombane. Bosi akamimina kahawa vikombe viwili, akamsukumia mkewe kimoja.

Sikuwaamini. Wanaume wa kwetu pia walikunywa chai pamoja mpaka siku ya matokeo.

Dereva wa basi la kampaundi, yaani yale makazi ya wageni yenye ukuta na geti tulimoishi, alikuwa Mkenya mwenzangu kutoka Magharibi, mtu wa maneno mengi aliyeishi na madereva wengine huko Al-Murabba. Siku tuliyokwenda sokoni aliniangalia nikipakia mifuko, akaweka mikono kiunoni.

"Sister, hii unga yote ni ya nini? Kuna harusi?"

"Kuna uchaguzi."

"Wa nani?"

"Wa Wareno."

Alicheka mpaka akaegemea basi. "Sasa Wareno wakipigana huko kwao, wewe uko hapa Riyadh utakimbilia wapi na unga? Desert?"

"Kampaundi imejaa Wareno. Kuna wa upande huu na kuna wa upande ule. Wewe huwabebi kila siku?"

"Nawabeba. Hao wakimaliza kupiga kura wanaenda kula samaki, I swear. Waogope wakati wa mpira."

"Mwaka ule wa vurugu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Dubai, kazi."

"Basi nyamaza."

 Akaninyang'anya mfuko wa unga, akaupakia mwenyewe, na njia nzima hakunitania tena.

Asubuhi ya baada ya kura nilikwenda jikoni nikitembea kwa ncha za vidole. Madam alikuwa ameketi na kikombe kilichopoa, macho yamevimba. Bosi alipiga mluzi bafuni. Sikuhitaji kuambiwa, lakini madam aliniambia hata hivyo, akigusa kapu kwa kidole. Machungwa yamekuwa ya kwanza. Nyanya, iliyotarajiwa kushinda, imekuwa ya pili. Pilipili hoho imepanda kuliko watu walivyodhani, na kitunguu kimebaki na watu wake. Ila machungwa hayakufika nusu ya bunge, alisema, na alilisema hilo mara mbili, akitazama dirishani. Mimi sikulijali. Kwetu wa kwanza ni wa kwanza. Nilipika chapati kwa furaha na madam akazila kwa huzuni, na nilipomwona akimega kipande akimlisha mtoto, roho iliniuma, lakini haikuniuma kiasi cha kutaka ashinde.

Mkoba wangu, niliokwisha kuutia unga, chumvi na kiberiti kama wa mama, sikuufungua. Niliuacha chini ya kitanda changu, kwa sababu hata mama yangu hafungui mapema.

Wiki zikapita. Bosi alikuwa na raha, akaanza kuzungumzia kupaka rangi chumba cha mtoto. Madam alishinda na simu mkononi, akisoma, akituma ujumbe, na siku moja nikamsikia akiimba. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba nyanya, pilipili hoho na kitunguu, ambao kwa miaka na miaka hawakuweza kuketi chumba kimoja, wanazungumza. Nikacheka nikisema watagombana kesho. Usiniulize kwa nini niliongea kama mtu aliyezaliwa Ureno.

Hawakugombana. Siku moja magharibi ilikuwa imeingia, niko jikoni napondea mtoto viazi, madam akaja mbio akambeba mtoto akamzungusha. Bunge limeikataa serikali, alisema. Imeanguka. Wa pili, wa tatu na wa nne wamejumlisha viti vyao, na sasa wa pili ndiye atakayetawala.

Nilishika meza. "Na wa kwanza?"

"Wa kwanza amekwisha."

"Amekubali?"

Hakulielewa swali langu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua imekubali kunyesha. Wakati huohuo bosi aliingia kutoka kazini, uso umemwiva, akapita bila kumsalimu mtu, akafunga mlango wa chumba chake cha kazi. Madam akamfuata na mtoto. Nikasikia sauti zimepanda kwa lugha yao, za mume na za mke, na mtoto kati yao. Nikaenda dirishani. Huko nje, kando ya bwawa, wanaume wawili wa Kireno walikuwa wamesimama uso kwa uso, wakirusha mikono.

 Mimi najua sauti za watu walioambiwa kwamba aliyeshinda ameshindwa. Nilizisikia kwetu jioni moja, na kabla hakujakucha tulikuwa shambani juu ya mabua. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na ile nyingine, ya Jeddah, kwa kuwa machungwa yametoka na ahadi ni ahadi. Nikaanza kufanya kazi huku nalia na sikujua nalilia lipi.

Nilijaza maji bafu na ndoo zote, maana maji hukatwa. Nilikusanya visu vya jikoni nikavificha juu ya kabati ambapo mtu mwenye hasira hawezi kuvifikia upesi. Nikavuta mkoba. Mtoto kwanza: nguo zake, blanketi, maziwa ya unga, kadi yake ya chanjo. Dawa ya pumu ya bosi, ile ya akiba aliyoweka kwenye droo ya sebuleni. Halafu viatu. Madam alikuwa na viatu vingi vya kupendeza visivyofaa kitu, nikachagua raba zake za kijivu, nikazikunja soli, nikavuta kamba. Kwa upande wangu niliweka gauni moja na ikama. Nikausimamisha mkoba nyuma ya mlango wa mbele, nikarudi kumalizia viazi.

Fikiria sasa alichokiona madam. Mabishano yao yalikuwa yameisha kwa kicheko, kama mabishano yao yote, na alitoka akitabasamu kwenda kuandaa maji ya kumwogesha mtoto. Alikuta bafu limejaa maji baridi mpaka ukingoni. Alikuja jikoni kutafuta kisu cha kukatia tunda, akafungua droo, hakuna hata kimoja. Akageuka, na kwenye korido, nyuma ya mlango, akaona pindo la blanketi la mwanawe limechungulia kwenye mkoba mkubwa wa plastiki.

Mtoto, aliyetoka chumbani akanifuata jikoni, alikuwa mapajani pangu. Madam alikuja akamchukua, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Mtoto akalia, akininyooshea mikono.

Bosi alipoitwa alitazama mkoba, akanitazama, akapiga simu papo hapo. Sikuhitaji kuelewa mazungumzo yote. Nilisikia akimwambia kafili wangu kwa Kiingereza kwamba nilikuwa naondoka na mtoto.

Niliongea. Mungu anajua niliongea. Lakini Kiingereza changu kilinikimbia chote, nikabaki na "election" na "run", nikiyarudia, na kila nilipoyarudia niliwatisha zaidi. Mwishowe nilisema jina la dereva, na madam akampigia. Alikuwa hajaondoka getini. Alikuja na kofia mikononi, akanisikiliza kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakufanya mzaha.

Aliwageukia. Aliwaambia taratibu kwa Kiingereza: "Kwao, wakisikia matokeo yamegeuka, watu wanachomeana nyumba. Huu ni mkoba wa kukimbia. Alikuwa anataka kukimbia na nyinyi."

Bosi akaumwaga mkoba kwenye zulia. Nguo, maziwa, unga wangu, chumvi, kiberiti. Kisha dawa yake ya pumu ikabingirika ikafika mguuni pake. Aliiokota, akaigeuza, akakaa chini. Madam alizitazama raba zake za kijivu muda mrefu.

"Mtu wa kuiba mtoto habebi viatu vya mama yake," dereva alisema kwa Kiswahili, kwangu, na sikuona haja ya kumtafsiria mtu.

Madam alinikumbatia akalia shingoni mwangu. Nilimwacha alie. Bosi alimpigia tena kafili, akaeleza, akaeleza tena, akacheka kicheko cha kulazimisha ili jambo lionekane dogo. Sauti ya kafili niliisikia mpaka nilipokuwa. "Mafi kalam." Hakuna maneno. Mtoto wa wageni, mkoba, mlango: polisi wakisikia watamshika yeye mwenye jina kwenye ikama, hawatamshika Mreno. "Halas, yamekwisha. Mleteni Jeddah."

Bosi aliniambia kwamba yeye pia ni mgeni katika nchi ile na kwamba amejaribu. Nilimwelewa na sikumsamehe. Simu ile ya kwanza ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji, na angeweza kwanza kuumwaga mkoba.

Siku ya kuondoka madam aliniletea zile raba. Alisema nilimchagulia akimbie nazo, kwa hiyo ni zangu, nizichukue. Nilikuwa na hasira iliyojaa mdomoni, lakini mtoto alikuwa ameshika sketi yangu, nikazipokea nikasema asante madam. Mguu wangu ni mkubwa kuliko wake. Sikumwambia. Dereva alinipeleka uwanja wa ndege, akanibebea mkoba mpaka alipozuiwa.

Miaka baadaye, nilipokwisha kurudi Kenya, dereva alinipa habari zilizobaki. Nyanya iliapishwa ikatawala, pilipili na kitunguu wakiiunga mkono bungeni, na hakuna aliyerusha hata jiwe. Na Wareno wangu hawakwenda kokote. Shule hazikumwita madam, bosi akaongeza mkataba, na chumba cha mtoto kikapakwa rangi ya kijani. Nilikata simu nikakaa kitandani nikiwa na ghadhabu ambayo sikujua nimpelekee nani.

Lakini siku niliyofika Jeddah sikuyajua hayo. Madam mkubwa alinipokea kwenye chumba cha kufulia na ufunguo wake shingoni. Akachukua simu yangu. Akapindua mkoba kwenye vigae, akasogeza nguo zangu kwa ncha ya kidole cha mguu, mpaka akazifikia raba.

"Za nani?"

"Zangu, madam. Nimepewa."

Aliinama, akaweka raba moja kando ya mguu wangu wa kushoto, akalinganisha. Kisigino changu kilipita nyuma yake, na alama yake yote ikaonekana. Alininyanyulia macho akingoja. Nilifungua mdomo. Ili nieleze raba ilinibidi nieleze mkoba, na ili nieleze mkoba ilinibidi nianze na mama yangu, na shamba, na machungwa mawili kwenye mfuko, kwa Kiarabu ambacho sikuwa nacho.

"Harami," alisema, bila hata kupandisha sauti. Mwizi.

Alizifungia kabatini pamoja na simu. Kisha akanionyesha ndara nilizovaa, akanyoosha kidole mlangoni: ndani ya nyumba yake hamkanyagwi kwa viatu vya nje. Nikazivua.